Intanshipu ya benki ya uwekezaji New York: mambo ya kuzingatia kabla dirisha halijafunguliwa

Wadogo zangu mlioko vyuoni Marekani, au mnaokuja Agosti na viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, na mnataka kuingia kwenye benki za uwekezaji, zile zinazoshauri makampuni kununuana na kutafuta mitaji, naanza na kalenda kwasababu ndiyo iliyoniumiza mimi. Nikiwa mwaka wa tatu, mwezi wa tisa, nilipiga pasi shati langu jeupe nikaenda siku ya maonesho ya ajira chuoni, nikapanga foleni kwenye meza ya benki moja, nilipofika mbele nikamwambia dada aliyekuwepo kwamba naomba intanshipu ya kiangazi kinachokuja. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba nafasi hizo zilishajaa tangu mwaka wa masomo uliopita, leo amekuja kuonana na wa mwaka wa pili. Nilirudi bwenini nikakaa kitandani na viatu vyangu. Maksi nilikuwa nazo, hamu nilikuwa nayo, ila hakuna mtu aliyewahi kuniambia tarehe.

Iko hivi. Intanshipu yenyewe ni kama wiki 10, Juni mpaka Agosti, unaifanya katikati ya mwaka wa tatu na wa nne, na wakiridhika na wewe wanakupa kazi ya kudumu ukihitimu, ndio maana watu wanaigombania vile, ndio mlango mkuu wa kuingilia. Lakini siku hizi maombi yanafunguliwa ukiwa bado mwaka wa pili, yani zaidi ya mwaka mzima kabla ya hicho kiangazi, na benki nyingi zinachukua watu kadri wanavyoomba, hawasubiri wote wafike. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye tovuti usiishike sana, nafasi zinaweza kuwa zimeisha zamani na tovuti bado inapokea. Kwahiyo maandalizi ni mwaka wa kwanza. Fungua faili la Excel, andika jina la kila benki, lini inafungua, uliongea na nani na tarehe gani. Usiweke tatu tu. Weka zile kubwa, Goldman Sachs, Morgan Stanley, JPMorgan, weka na zile zinazojulikana zaidi kwa ushauri kama Evercore, Lazard, Moelis na Centerview, afu weka na ndogo ambazo jina lake hujawahi kulisikia, hizo usizidharau kabisa.

CV ni ukurasa mmoja, basi. Toa picha, toa tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa na wadhamini watatu tuliozoea kuweka nyumbani, huku hawavitaki. GPA, yani wastani wa maksi zako kwa kipimo cha 4.0, ikishuka chini ya 3.5 inakuwa ngumu, kwahiyo semista ya kwanza usibebe masomo mazito yote kwa pamoja. Na Division One ya pointi 7 ukiiandika hivohivo hawaijui, andika maana yake, kwamba ndio ufaulu wa juu kabisa kwenye mtihani wa taifa.

Viza sasa, hii naomba msome taratibu. Karibu kila fomu ya maombi itakuuliza kama sasa au baadaye utahitaji mwajiri akudhamini viza. Jibu ukweli. Kuna benki zitakukata hapohapo na inauma, ila bora ujue mapema zipi zinachukua wageni, waulize wahitimu wa chuo chako waliokuwa na viza kama yako. Kwa kiangazi chenyewe utahitaji CPT, yani ruhusa ya kufanya kazi ya fani yako ukiwa bado unasoma, na kwa kawaida huipati mpaka umalize mwaka mmoja mzima wa masomo. Ukishapata barua ya ajira unaipeleka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wanakutolea I-20 mpya, ile fomu ya chuo inayoendana na viza yako, yenye jina la mwajiri na tarehe, na kabla ya tarehe hiyo usifanye kazi hata siku moja, hata wakikuomba uje tu ukae uone. Ukitumia CPT ya kazi ya muda wote miezi 12 au zaidi unapoteza OPT, yani ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, wiki 10 hazina shida. Afu kuna jambo la fani, wengi wanaligundua wameshahitimu. OPT ni miezi 12, lakini kama fani yako imeandikwa ni ya sayansi na teknolojia unaongezewa miezi 24. Uchumi wa kawaida haumo, ila uchumi wenye takwimu nyingi, ekonometriki, una namba yake ya fani (code) na umo. Vyuo vingi vina hizo mbili kwenye idara moja na tofauti ni masomo machache tu ya hesabu. Angalia I-20 yako leo, namba ya fani imeandikwa pale.

Hapa kwenye koneksheni ndio nataka nikae kidogo, maana ndipo sisi tunapoangukia. Tumelelewa kwamba mkubwa humsumbui, hasa usiyemjua, na ukimwandikia unaanza na salamu ndefu na samahani nyingi. Barua pepe yangu ya kwanza kwa mhitimu wa chuo chetu ilikuwa na aya nne, nikamuombea afya, nikaomba radhi kwa kumchukulia muda, nikaeleza maisha yangu yote, na mwisho nikasahau kusema nataka nini. Hakujibu. Nikatuma nyingine kwa mtu mwingine ilikuwa hivi tu: "Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapo ulipomaliza wewe, nasoma uchumi. Nimeona uko timu ya madini. Baba yangu amefanya kazi mgodini Geita miaka mingi, ndio maana sekta hii inanivuta. Naomba dakika 15 za simu Jumanne au Alhamisi jioni." Akajibu usiku uleule. Angalia kilichomo: mimi nani, kwanini yeye na sio mwingine, nataka nini, lini. Huko kwao ndio heshima yenyewe, kutompotezea mtu muda wake.

Kwenye simu usimwombe kazi. Muulize wiki yake ilikuwaje, dili gani alijifunza kitu, yeye alijiandaaje. Andika anayosema. Kesho yake mshukuru kwa mistari miwili, afu baada ya miezi miwili mwambie ulichofanyia kazi katika yale aliyokushauri. Yule kaka wa madini niliendelea naye hivo mwaka mzima, na ndiye aliyenipigia nilipokuwa mwaka wa nne akasema kuna benki ndogo anayoifahamu imepungukiwa mtu, nitume CV yangu usiku huo. Kazi yangu ya kwanza ilipatikana hivo.

Maswali ya kihasibu usiyasome kwa macho, yaseme kwa sauti. Swali moja linaulizwa kila mahali: uchakavu ukiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha, yani ya mapato, ya mtiririko wa fedha na mizania, zinabadilikaje? Chukua kodi ya asilimia 20. Faida kabla ya kodi inashuka 10, kodi inapungua 2, faida halisi inashuka 8. Kwenye mtiririko wa fedha unaanza na hasi 8, unarudisha 10 kwasababu uchakavu hautoi hela mfukoni, kwahiyo pesa taslimu inaongezeka 2. Kwenye mizania pesa taslimu inapanda 2, mali za kudumu zinashuka 10, jumla hasi 8, na upande wa pili faida iliyolimbikizwa hasi 8, imebalansi. Inaonekana rahisi ukiisoma hapa, ila mtu mwenye tai akikukazia macho ulimi unakuwa mzito, kwahiyo mimi nilikuwa namwelezea mwenzangu wa chumbani anayesoma biolojia mpaka naye akaweza kunirudishia. Kuhusu kuthaminisha kampuni, profesa Aswath Damodaran wa NYU Stern ameweka madarasa yake yote mtandaoni bure, huna haja ya kununua kozi ya mamia ya dola kwanza.

Uwe na dili moja unalolijua mpaka ndani, na chagua linalohusu kitu ulichowahi kushika. Mimi napenda kutolea mfano Mars na Kellanova. Agosti 2024 Mars walitangaza kuinunua Kellanova, wenye Pringles zile za kopo refu, kwa dola 83.50 kila hisa taslimu, thamani yote pamoja na deni ikawa kama dola bilioni 35.9, sawa na mara 16.4 ya faida yake kabla ya riba, kodi na uchakavu. Hapo una mengi ya kusema. Mars ni kampuni ya familia, haiko soko la hisa, kwahiyo haikuwa na hisa za sokoni za kuwapa wauzaji, ikalipa kwa fedha iliyokuwa nayo na mikopo mipya. Je mara 16.4 ni bei ya juu? Kwanini walikubali? Ukiwa na maoni yako na sababu zake, mnaongea kama watu wawili wa kazi moja.

Interviu ya kwanza mara nyingi ni video ya HireVue, hakuna mtu upande wa pili, unaona swali, unapewa sekunde chache, unajirekodi. Tazama kamera, sio uso wako kwenye skrini, na usiinamishe macho kama unavyoongea na mjomba. Ukipita unaitwa supadei, interviu kadhaa mfululizo siku moja. Kunywa maji, na wa mwisho mjibu kwa nguvu uliyomjibia wa kwanza.

Na masaa, jueni kabla. Mwaka 2021 kuna vijana wa mwaka wa kwanza Goldman Sachs walijihoji wao kwa wao wakakuta wastani wa masaa 95 kwa wiki, na mwaka 2024 JPMorgan ikaweka kikomo cha masaa 80 kwa wiki, ila sio kila wakati, ni mara nyingi tu. Hicho ndicho kikomo, fikirieni. Waelezeni na watu wa nyumbani mapema wasije wakadhani mmewasusa. Kiangazi Dar iko mbele ya New York kwa masaa saba, mimi nikitoka ofisini saa saba usiku kwa mama ni saa mbili asubuhi, anakunywa chai, tukaafikiana hiyo ndio saa yetu, nampigia nikiwa nasubiri gari pale chini ya jengo.