Tairi Linalopata Pancha Kila Mara: Namna ya Kutafuta Chanzo

Msimu mmoja wa korosho, mkulima kutoka upande wa Nanyamba aliniletea baiskeli yake mara tatu ndani ya siku nne, na mara zote gurudumu lenye pancha lilikuwa la nyuma. Nilifungua, nikaziba, nikapokea pesa yangu. Kila nilipofungua nililitoa tairi zima na kulirudisha kama lilivyokaa mkononi, kwa hiyo matundu yalionekana kutokea mahali tofauti kwenye tyubu, nami nikajiridhisha kwamba ni miiba ya njiani. Aliporudi mara ya nne aliniuliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika: “Fundi, hivi unaziba au unatoboa?” Ndipo nilipolikunja tairi nje ndani na kukuta kipande cha waya, kifupi kuliko punje ya mchele, kimejichimbia katikati ya nyuzi. Mwongozo huu unaeleza utaratibu ninaoufuata tangu siku hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuichunguza valvu kabla ya kugusa kitu kingine. Jaza upepo, kisha paka povu la sabuni kwenye valvu na kulisubiri kidogo. Povu likivimba, huenda tyubu haina kosa lolote. Baiskeli zetu kubwa za kubebea mizigo nyingi zina valvu ya kizamani yenye kipira chembamba kinachofunika kitundu cha pembeni, na kipira hicho huchoka kwa joto na umri. Fungua nati, chomoa kijiti cha valvu, vua kipira kilichochoka, kisha vika kipya hadi kifunike kitundu chote. Kama kinagoma kuingia, kiloweshe kwa maji. Usitumie mafuta, kwa sababu mafuta huozesha mpira.

Kama valvu ni nzima, weka alama kabla ya kufungua. Kwa chaki, chora mstari kwenye ubavu wa tairi mahali palipoelekeana na valvu, upande wa mnyororo. Kisha toa ukingo mmoja tu wa tairi, ule wa upande huo huo, na uuache ukingo wa pili ukiwa umekaa ndani ya rimu. Unapoivuta tyubu, itie nayo alama upande wa mnyororo. Kazi hii haichukui hata dakika moja, lakini bila alama hizo utabaki unabahatisha kama nilivyobahatisha mimi.

Jaza tyubu upepo hadi inenepe kuliko kawaida yake, uizamishe kipande kwa kipande kwenye beseni la maji, na mahali panapotoa mapovu pazungushie duara kwa kalamu. Usiache kutafuta baada ya kupata tundu la kwanza. Pima kwa shibiri umbali kutoka kwenye valvu, kisha angalia tundu limetazama wapi, maana hapo ndipo penye habari yote.

Tundu lililotazama ardhi limetobolewa na kitu kutoka nje. Lililotazama rimu limetokana na spoku, kutu au ukanda wa rimu uliosogea, yaani ule utepe unaoikinga tyubu isiguse vichwa vya spoku. Matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama alama ya meno ya nyoka, yanamaanisha kwamba tyubu ilibanwa kati ya tairi na rimu: upepo ulikuwa mdogo, mzigo ulikuwa mzito, na gurudumu likaangukia jiwe au shimo. Hapo hakuna mwiba wa kutafuta. Jaza upepo kwa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, hasa unapopakia gunia la korosho na juu yake mtoto. Mpasuko kwenye shina la valvu husababishwa na tairi linaloteleza juu ya rimu likiwa na upepo mdogo, hata likaivuta tyubu, na utaitambua hali hiyo mapema kwa kuona valvu imeinama. Tundu la ubavuni mara nyingi ni kazi ya mpini wa kijiko uliotumika kurudishia tairi, yaani pancha imetengenezwa na fundi mwenyewe.

Sasa ilaze tyubu juu ya tairi, valvu kwenye mstari wa chaki na alama ya mnyororo upande wake. Tundu litakuonyesha eneo la kuchunguza, lisilozidi upana wa kiganja. Pitisha pamba au kitambaa chakavu kwanza, kwa kuwa kitanasa kwenye ncha ambayo kidole hakiioni, na kidole nacho hakitachanika. Kisha likunje eneo hilo nje ndani ili nyuzi zifunguke. Nyaya nyembamba zinazomwagika kutoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka, kama yale unayoyaona kandokando ya lami ya kuelekea Mingoyo, ndizo zinazonisumbua kuliko miiba yote, kwa sababu hujitokeza ndani pale tu tairi linapokandamizwa na uzito, kisha hujificha gurudumu likiwa hewani. Zing'oe kwa koleo. Mwiba wa mchongoma au wa mbigili hukatikia ndani, hivyo usukume kutoka ndani kwa ncha ya msumari butu hadi utokee nje.

Tundu likiwa limetazama rimu, vua ukanda wote na upapase vichwa vya nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoku kwenye rimu. Spoku iliyozidi urefu ikatwe kwa tupa hadi iwe sawa na kichwa cha nipeli. Kwa wenzangu wa Mikindani, Lindi mjini na Kilwa, upepo wa chumvi hula rimu za chuma hadi zikatoa magamba ya kutu yenye makali ya kiwembe. Yasugue kwa msasa, pangusa vumbi, kisha vika ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu, wenye upana wa kufunika nipeli zote.

Kiraka kinafuata sasa, wala si kabla. Sugua tyubu kwa msasa, paka gundi nyembamba, subiri hadi ising'ae tena, ndipo ubandike na kukandamiza. Wanaobandika gundi ikiwa bado mbichi hurudi kesho yake na upepo unatokea pembeni mwa kiraka.

Unaporudisha, tia tyubu upepo kidogo ili isijikunje, sukuma tairi kwa vidole gumba ukianzia upande ulio mbali na valvu na kumalizia kwenye valvu, kisha hakikisha mstari wa chaki umerudi mahali pake. Usiufute. Jaza upepo kamili, kisha iache baiskeli usiku kucha bila mzigo. Ukikuta tairi limelegea asubuhi wakati kiraka hakikutoa povu kwenye maji, anza tena kwenye valvu, ukiwa na sabuni mkononi.