Somo: Kuzipima boti mpya za tanga kwenye maonyesho ya Düsseldorf

Wengi mmeniuliza mtu afanyeje azilinganishe boti mpya za safari kwenye maonyesho, asirudi na mfuko wa vipeperushi na kichwa kinachozunguka. Nitaeleza ninavyofanya mimi Düsseldorf, Ujerumani, kwenye maonyesho ya Januari yaliyoanza mwaka 1969. Nje baridi inauma. Ndani boti zimesimama kavu sakafuni, na hiyo ndiyo faida yake. Cannes, Ufaransa, mwezi wa tisa na Annapolis kule Marekani mwezi wa kumi, boti za tanga huelea: ukikanyaga unasikia chombo kinavyoinama, lakini tumbo lake hulioni. Düsseldorf unaliona lote.

Hatua ya 1: Andika bahari yako kwanza

Karatasi moja yatosha. Utasafiri wapi, na watu wangapi, kina cha maji pale utakapotia nanga, na mfuko wako unafika wapi. Kisha chagua boti tatu, zisizidi nne, zenye urefu unaokaribiana. Ukitoka kwenye futi 50 ukaingia ya futi 40, hii ya pili utaiona kibanda, kumbe haina kosa. Baadhi ya kampuni hutaka miadi kwa boti kubwa, kwa hiyo waandikie mapema. Nenda siku ya kazi, asubuhi.

Beba tochi, futi ya kupimia, daftari, na soksi zisizo na tundu. Viatu huvuliwa chini ya ngazi, na aibu ya kidole gumba nimeionja.

Hatua ya 2: Anzia chini

Usipande bado. Izunguke boti polepole, uanze na mkuku, lile pezi zito la chini ya tumbo. Uliza: ni chuma au risasi? Chuma ni nafuu, ila rangi ikichubuka kutu inaingia. Risasi ni nzito zaidi kwa ujazo uleule, hivyo uzito unakaa chini zaidi, nawe utaulipia. Halafu tazama pale mkuku unapokutana na tumbo. Kwenye jahazi, mkuku ni uti wa mgongo na mataruma, yaani mbavu za chombo, hujengwa juu yake. Kwenye boti nyingi za faiba za leo, mkuku umekazwa kwa boliti tu. Ukigonga mwamba, boliti hizo na sakafu inayozishika ndizo zinazopokea pigo. Lishike hilo, tutalirudia ndani.

Nenda tezi, yaani nyuma ya chombo. Boti pana nyuma siku hizi huwa na sukani mbili, kwa sababu chombo kikilala, usukani mmoja wa katikati ungetoka majini. Ni wazo zuri, ila ziko pembeni, mkuku hauzikingi na gogo wala nyavu. Propela nayo ikiwa kwenye mguu uliotoboa tumbo la boti, pana mpira unaozuia maji yasiingie. Volvo Penta, waunda injini, wanashauri ubadilishwe kila miaka 7, na lazima boti iwe nchi kavu. Je, unakoishi yupo wa kuifanya kazi hiyo?

Hatua ya 3: Panda, ila usikae kwenye makochi

Shika usukani. Omo, yaani mbele ya chombo, unaiona? Winchi ya kukazia kamba za tanga unaifikia bila kuuachia usukani? Hanse, waunda boti wa Ujerumani, kwa mfano, hupenda tanga dogo la mbele linalojigeuza lenyewe mnapobisha, yaani mnapogeuza omo kupitia upepo. Kwa watu wawili ni raha. Upepo ukilegea utatamani tanga kubwa zaidi.

Ndani, ukumbi mpana hupendeza bandarini. Boti ikilala nyuzi 20, upana huo ndio umbali utakaorushwa. Tembea toka ngazini hadi chooni ukihesabu pa kushika. Lala kitandani, ufunge macho, uulize moyo wako kama ungelala hapo na mawimbi.

Kisha omba ruhusa ufungue mbao za sakafu. Mulika ngamani, chini kabisa maji yanapokusanyika: boliti za mkuku zinaonekana? Pampu inafikika? Muuzaji akisita kukufungulia, umeshajibiwa. Boti moja, jina nalihifadhi, ilinipendeza kila mahali mpaka nilipotafuta chujio la dizeli: kulifikia ilibidi kung'oa kitanda. Hebu fikiria injini imezima usiku, na mwenzio amelala hapo kwa kichefuchefu.

Hatua ya 4: Bei

Euro 300,000 bila kodi, kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Ujerumani ya 19%, ni 357,000. Bado uliza: matanga yamo? Nanga na mnyororo? Rangi ya chini ya maji? Usafirishaji na kusimamisha mlingoti? Dai orodha ya bei ya boti ileile uliyoipanda, maana ya maonyesho huvishwa kama bibi harusi.

Maswali ya wanachama

Mombasa: Kibao kikiandikwa A, ndiyo kusema inavuka bahari?

Jibu: Daraja A la Ulaya ni boti iliyobuniwa kwa upepo unaozidi nguvu ya 8 ya Beaufort (kipimo cha upepo) na mawimbi yanayozidi mita 4. Soma na idadi ya watu: boti hiyohiyo yaweza kuwa A kwa watu 8, B, daraja la chini yake, kwa 10. Kama mtatapika, kibao hakisemi.

Lamu: Shikamoo fundi. Huku maji yakipwa ni mchanga mtupu. Mkuku wa mita 2 utanifaa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Utakunyima mikono mingi ya bahari. Tazama zenye mkuku wa kupandisha, kama Ovni za Alubat wa Ufaransa. Ni za aluminiamu, na maji yakitoka zinakalia mchanga kama dau. Ila kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, haziiwezi yenye mkuku mrefu.

Muscat: Nikiitoa nje ya Umoja wa Ulaya, ile 19% nailipa?

Jibu: Mauzo ya nje husamehewa, mradi uwe na ushahidi wa forodha kwamba imetoka. Wengine hukutoza kwanza, wakurudishie baadaye. Ushuru wa kwenu mwulize wakala wa forodha kabla ya kutia saini.

London: Sina pesa bado. Hawataniona mzururaji?

Jibu: Waambie ukweli, kwamba unanunua baada ya miaka mitatu minne. Aliye tayari leo naye asisaini bila sharti la kuijaribu baharini. Mimi niliyoipima pale nikiwa mikono mitupu, niliipata kukuu miaka sita baadaye, na daftari lilinionyesha pa kumulika tochi kwanza.