Ulipata C minus na bado unataka kurusha ndege ya jeshi? Anzia hapa

Mimi nafundisha tuisheni ya Hesabu hapa Eastleigh, na vile Moi Air Base, kambi ya jeshi la anga, iko hapa hapa kwetu, kila mwaka lazima anijie kijana ameona helikopta ikipita juu ya mabati akaamua hiyo ndiyo kazi yake, halafu nikimuuliza KCSE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne) alipata ngapi anaanza kuangalia viatu. Sasa wacha niandike mara moja.

Kwanza ujue mlango ni upi. Rubani wa Kenya Air Force ni afisa, hatoki kwa ile foleni ya makuruta ya uwanjani. Huko D plain inatosha, unaenda Eldoret unafunzwa unakuwa askari, kazi ya heshima kabisa, lakini kiti cha rubani si hicho. Wewe unatafuta ukadeti, yaani uanafunzi wa uafisa, na makadeti wanafunzwa Lanet kule Nakuru, na matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka B plain, na C+ ya Hesabu na Kingereza, umri 18 hadi 26. Kwa hivyo piga hesabu ya miaka yako kabla ya kitu kingine. Uko na 20? Rudia mtihani, muda upo. Uko na 25 na nusu? Hapo unakimbiza matatu imeshaingia Thika Road.

Halafu, kabla hujanunua hata kitabu kimoja, nenda upimwe macho. Niko serious. Kuna kijana nilimfundisha miezi minane, Hesabu ikatoka D+ ikafika B-, siku ya kupimwa akafunguliwa kile kitabu cha madoadoa ya rangi chenye namba imejificha katikati, akaambiwa soma. Akajibu, "Daktari, hapa kuna namba kweli?" Upofu wa rangi, maisha yake yote hajawahi kujua, ndoto ikaishia kwa hicho kiti. Jeshi watakupima wenyewe hata hivyo, lakini bora ujue mapema.

Macho yako sawa? Rudi darasani. Unajisajili kama mtahiniwa binafsi kwa kituo cha mtihani, na usajili hufanywa mapema mwaka, usingoje Agosti ndio uanze kuuliza. Na usilaze damu, maana darasa la mwisho la 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa elimu, linafanya KCSE 2027. Tangu 2023 gredi inahesabiwa kwa Hesabu, lugha moja uliyofanya vizuri, na masomo mengine matano bora. Umeona? Lugha unaweza kuchagua, Hesabu huwezi kuikwepa (na Kingereza bado jeshi wanakiangalia kivyake, kwa hivyo usijifiche nyuma ya Kiswahili). B ni pointi 9 kati ya 12 na C+ ni 7, kwa hivyo C+ mbili zinataka gredi za juu zaidi mahali pengine za kuzibeba. Fizikia pia ifanye, itakufaa baadaye.

Wengi mlifeli Hesabu kwa sababu hakuna mtu aliwaonyesha inafanya kazi gani. Mimi huwa nawapa hii: kwa hesabu ya marubani, joto la hewa ya kawaida kwa usawa wa bahari ni digrii 15, na kila futi 1,000 ukipanda unatoa 2. Nairobi tuko futi kama 5,300. Toa basi. Inafaa iwe digrii 4 na kitu, lakini saa nane mchana hapa ni 25, zaidi ya digrii 20 juu, hewa imekuwa nyepesi, injini inapumua kidogo, mabawa hayabebi vizuri, ndege inakula njia ndefu kabla iruke. Mtoto wa D+ akifanya hiyo kwa kichwa bila simu, uso wake unabadilika, na hapo ndio mimi huanza kumwamini.

Maombi ya ukadeti ni ya bure na hufanywa mtandaoni tangazo likitoka, lisome lote, masharti yanaweza kubadilika. Jirani yangu aliuza shamba akampa broka, kijana akaletewa barua yenye muhuri mzuri sana, feki. Mwenye barua kama hiyo hukamatwa getini, broka simu yake tayari imezimwa.

Na kama umri umekutupa nje, chukua matatu hadi uwanja wa ndege wa Wilson, hapa Nairobi. Shule za urubani wa kiraia ziko pale, leseni ya kwanza ya binafsi inataka masaa angalau 40 hewani, na hakuna anayekufukuza kwa sababu umefika 27. Shida ni pesa, kila saa ya ndege unalipia mwenyewe, kwa hivyo uliza bei ya saa moja kwanza, kisha uzidishe, hiyo Hesabu sasa unaijua.