Ruta ya nyumbani Goma: pima ukuta kwanza, duka baadaye

Sisi tunaishi mtaa wa Mabanga. Nyumba kubwa ni ya mawe ya volkano, ilijengwa baada ya lava ya Januari 2002, na kuta zake zina unene wa sentimita 40. Nyuma yake, ndani ya parseli hiyohiyo, kuna nyumba ndogo ya mbao anamolala mama mkwe wangu na mabinti wangu wawili. Toka mlango hadi mlango ni hatua 14. Nazijua kwa sababu zilinila dola 65.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Binti yangu mkubwa alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari na Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, ikawa mbele yake, tuliamua kuacha kununua mega kwenye kila simu, tuweke intaneti moja ya nyumba nzima. Nikashuka Birere, kwenye maduka, muuzaji akanionyesha ruta yenye antena sita, akasema hii inafika mpaka barabarani. Nikaileta, nikaiweka nyuma ya televisheni. Sebuleni ilikwenda vizuri. Katika nyumba ya mbao, ambako mtoto ndiko anakosomea, ilionekana na kupotea, ikaonekana tena na kupotea. Ruta haikuwa mbovu. Nilinunua chombo kabla ya kuuliza nyumba yangu inataka nini, na hilo ndilo nataka ulikwepe.

Mawimbi ya Wi-Fi husafiri kwa masafa mawili makubwa: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa karibu sentimita 12, lile la 5 ni kama sentimita 6. La 5 hubeba data nyingi zaidi kwa sekunde, lakini huchoka upesi likikutana na kitu kizito. Mbao kavu haizuii sana. Jiwe la volkano lenye saruji kati yake huzuia, na kuta mbili za namna hiyo ni karibu kufunga mlango. Maji nayo hunyonya mawimbi haya: tangi la plastiki la lita 1000 lililosimama kati ya ruta na chumba chako ni ukuta mwingine. Bati hurudisha wimbi lilikotoka, ndiyo maana nyumba yenye vyumba vilivyogawanywa kwa mabati hupata shida kuliko ile ya mbao tupu.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata franka moja, fanya jaribio hili. Chukua simu mbili. Ya kwanza iwashe igawe intaneti, kisha iweke juu ya kabati mahali unapofikiria kuweka ruta. Ya pili iunganishe na ile ya kwanza, uweke ndani yake programu ya bure inayoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa desibeli. Tembea chumba kwa chumba, ukiandika namba kwenye daftari. Namba zina alama ya kutoa, na ile iliyo karibu na sifuri ndiyo nzuri: -50 ni nguvu sana, -67 inatosha kuongea kwa video bila kukatika, ikishuka chini ya -80 usitegemee kitu. Kwa kawaida simu hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta, basi mahali simu inapofika vizuri, ruta itafika. Hamisha simu ya kwanza kwenye kona nyingine, upime upya. Mimi nilipofanya hivyo, tayari nikiwa nimechelewa, niligundua kwamba dirisha la jikoni lilinipa -71 katika nyumba ya mbao, wakati sebule ilinipa -86. Kosa lilikuwa la mahali.

Ukishajua nyumba yako, ndipo uchague. Kama avenyu yenu imefikiwa na fiber, au kampuni inaweza kukufungia antena juu ya paa, wao watakuletea kifaa chao cha kupokea, na wewe utahitaji ruta ya kugawa tu. Wengi wetu lakini tunatumia ruta ya kadi ya simu, ya 4G, na hapo kuna maswali ya kumuuliza muuzaji bila aibu.

La kwanza, je, imefungwa kwa kampuni moja? Usikubali jibu la mdomo. Nenda na kadi mbili za kampuni tofauti, ziwekwe zote mbili mbele yako. La pili, inashika masafa gani ya 4G? Birere utaona ruta za mtumba zilizotoka Marekani, nzuri kwa macho na bei ndogo. Kule 4G hutembea sana kwenye megahezi 700, 850, 1900 na kwenye jozi ya 1700 na 2100. Huku Afrika mitandao hutumia zaidi 800, 1800 na 2600. Ruta isiyo na hizi itawaka taa zote na bado itakurudisha 3G. La tatu, ina matundu ya kebo ya mtandao? Ile ndogo ya mfukoni haina, na bila tundu hilo huwezi kuipeleka intaneti nyumba ya pili kwa kebo.

Antena nyingi zisikudanganye. Nguvu ya kurusha imewekewa mpaka na sheria. Ulaya, kwa mfano, ni miliwati 100 kwenye gigahezi 2.4, uwe na antena mbili au nane. Soma herufi zilizo kwenye kasha. N300 ni ya zamani, ina 2.4 peke yake. AC1200 ina masafa yote mawili, na kwa familia ya watu saba inatosha kabisa. AX ni kizazi kinachofuata, Wi-Fi 6. Ukiipata kwa bei ya kawaida ichukue, lakini usikope kwa ajili yake. Ruta ya 4G ya kundi la nne (Cat 4) hupokea si zaidi ya megabiti 150 kwa sekunde hata hewa ikiwa safi, na hapa kwetu hewa haiwi safi saa mbili usiku, kila mtu akiwa mtandaoni.

Sasa umeme, maana Goma ruta isiyo na umeme wa akiba ni pambo la kabati. Tazama kitu cha kuchajia cha ruta: kama kimeandikwa volti 12 na ampea 1, umebahatika, maana vifaa vya akiba vya volti 12 ni vingi. Ruta yangu inakula wati 6 hivi. Nilinunua kile kijisanduku cha betri za lithiamu kinachokaa kati ya prizi na ruta, kimeandikwa 8800 mAh. Hapa watu wengi hukosea hesabu. Namba hiyo ni ya seli za ndani zenye volti 3.7, si ya volti 12. Zidisha 8.8 kwa 3.7, unapata wati-saa 32 na kitu. Gawanya kwa 6, ni saa tano na zaidi. Ukitoa kinachopotea wakati wa kupandisha volti, baki na saa nne na nusu. Hicho ndicho nilichokipata kwa saa ya ukutani. Mwenye betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, asiitumie zaidi ya nusu ili isife mapema: hiyo ni wati-saa 42, saa saba. Ila betri hiyo ikichajiwa hufika volti 14 na kitu, kwa hiyo weka kidhibiti cha volti 12 kabla ya ruta, na angalia mchoro mdogo wa chanya na hasi kwenye kibandiko kabla ya kuchomeka. Ukigeuza, umeiua.

Umeme ukikatika, chomoa kitu cha kuchajia ukutani, ruta iendelee na akiba yake. Unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa huungua. Subiri dakika tano, taa zitulie, halafu rudisha.

Kuiwasha yenyewe ni kazi ya nusu saa. Kwanza weka kadi ndani ya simu, uondoe namba yake ya siri na uhakikishe ina mega, kisha ihamishie kwenye ruta. Washa, ngoja dakika mbili. Kwenye kibandiko cha chini utaona jina la Wi-Fi, neno la siri, na anwani ya namba kama 192.168.8.1 au 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Unganisha simu yako na Wi-Fi hiyo, na uzime data ya simu. Usipoizima, simu ikiona ruta haina intaneti bado itakimbilia mtandao wake na ukurasa hautafunguka. Andika ile anwani mahali unapoandika jina la tovuti. Kama intaneti haiji yenyewe, tafuta sehemu ya APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni, ujaze unachopewa na kampuni ya kadi yako.

Ukiwa ndani, badilisha maneno ya siri mawili, nasema mawili: la Wi-Fi na lile la kuingilia kwenye ukurasa huu. Wengi hubadilisha la kwanza tu na la pili linabaki admin, kwa hiyo mtoto yeyote wa jirani aliyepewa Wi-Fi anaweza kuwa bwana wa ruta yako. Chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa namba fupi bila neno la siri: namba yake ina tarakimu nane lakini ruta huikagua vipande viwili, hivyo mwenye programu anahitaji kujaribu mara 11,000 tu, na udhaifu huo umejulikana tangu 2011. Jina la Wi-Fi lisiwe jina la familia wala namba ya parseli.

Kwenye 2.4, chaneli ziko nyingi lakini ni 1, 6 na 11 tu zisizokanyagana. Katika mitaa ya nyumba za mbao, ambako mawimbi ya majirani yanaingia bila kubisha hodi, hili lina uzito. Ile programu ya simu itakuonyesha majirani wako kwenye chaneli gani. Kaa pasipo na watu. Nilipotazama, tisa walikuwa kwenye 6.

Halafu tafuta ukurasa unaoonyesha RSRP, nguvu ya mawimbi ya mnara wa simu, na SINR, jinsi mawimbi hayo yanavyoizidi kelele. Hapo ndipo utajua ruta inausikia mnara vipi. RSRP ya -85 ni nzuri, -110 ni mbaya. SINR ikizidi 20 ni safi kabisa, ikishuka chini ya sifuri ni kelele tupu. Geuza ruta kidogo, ngoja dakika, soma. Isogeze dirishani, ngoja, soma. Mimi nilitoka -108 hadi -93 kwa kuitoa nyuma ya televisheni na kuipandisha juu ya rafu, dirisha la jikoni, mbali na jiko la makala. Usiiweke chini ya bati moja kwa moja. Mchana huko juu ni tanuri.

Zile hatua 14 zilizobaki nilizimaliza kwa kebo na modemu ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo. Kebo ya mtandao hufika mita 100 bila kupoteza kitu. Kuchimba hapa ni kupigana na lava, kwa hiyo kaka yangu mdogo, fundi bomba, aliipitisha ndani ya bomba la plastiki kando ya ukuta, kisha juu ya mlango. Modemu ya zamani niliipa anwani 192.168.8.2 ili isigombane na ruta kubwa, nikazima DHCP yake ili kazi ya kugawa anwani ibaki kwa mmoja, nikachomeka kebo kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Nikaipa jina na neno la siri lilelile, na simu sasa inahama yenyewe kutoka nyumba hadi nyumba. Mvua ikianza kunguruma, kebo hiyo inachomolewa pande zote mbili. Kivu si mahali pa kuchezea radi: kwa vipimo vya setilaiti vilivyotolewa 2016, Kabare, ng'ambo ya ziwa letu, ndiko radi hupiga zaidi katika Afrika nzima.

Kuhusu wageni, fungua mtandao wa wageni wenye neno lake. Mwezi wa kwanza giga 20 ziliisha kwa siku nne, kwa kuwa mtoto alimpa rafiki, na rafiki akawapa wengine. Sikumpiga wala sikumfokea. Nilibadilisha neno la siri, nikaweka kikomo cha mega kwa siku, na kwenye kompyuta nikazuia Windows kujisasisha yenyewe kwa kuiambia mtandao huu una kipimo. Shemeji akija, namwandikia neno la wageni kwenye karatasi. Akiondoka, nalibadilisha.

Kiangazi vumbi jeusi la barabara hujaa kwenye matundu ya ruta. Jumamosi binti mdogo huizima, huifuta kwa brashi kavu ya rangi, kisha hupima tena katika nyumba ya mbao na kuandika kwenye daftari. Jumamosi iliyopita ilikuwa -54, kwenye meza ya dada yake.