Jioni ya chokoleti na watoto: chungeni maji

Mkipanga jioni ya chokoleti na watoto wa kikundi, adui wenu si moto, ni maji. Matone machache tu yakiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, inashikana mabonge. Kwa hiyo kausheni bakuli na vijiko vyote kwanza. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, epua, kisha weka juu yake bakuli la chokoleti iliyokatwakatwa, lisiguse maji. Koroga taratibu. Hapo asimame mtu mzima. Ikishikana, usiitupe: ongeza maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukikoroga, itakuwa rojo nzuri ya kuchovya.

Watoto wachovye biskuti na vipande vya ndizi mbivu. Karanga msiweke kabla ya kuwauliza wazazi kuhusu mzio.

Wakati inapoa (kwa joto la Dar bila friji mtasubiri sana), waonjesheni unga wa kokoa usio na sukari. Mtacheka kwa zile sura! Hapo ndipo pa kuwaambia kwamba kokoa inalimwa Kyela, Mbeya, na kwamba mbegu zake huchachushwa, zikaanikwa juani, ndipo zikakaangwa.