SOMO: Mashine mpya ya boti, masaa 10 ya mwanzo na utunzaji wake

Wakuu, kila mtu akinunua mashine ananifuata na swali lilelile, "niiendesheje hadi izoee?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika mara moja. Kitabu kilichokuja na mashine yako kikinipinga, fuata kitabu.

1. Kaza bolti zinazoshika mashine tezini (nyuma ya boti), na uzikague tena baada ya safari ya kwanza.

2. Oili. Tu-stroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli) nyingi za kuchanganya kwa mkono zinataka 25:1, yaani petroli 25 kwa oili 1, kipindi cha mwanzo, baadaye 50:1. Kwa petroli lita 20 ni oili mililita 800, halafu 400. Iwe imeandikwa TC-W3 (alama ya oili ya tu-stroki za boti), sio ya pikipiki. Fo-stroki (injini yenye oili yake peke yake ndani) haichanganywi kitu, oili yake unapima kwa stiki mashine ikiwa wima.

3. Usiwashe nje ya maji eti usikie mlio. Impela (feni ya pampu ya maji ya kupoza) ni mpira, maji ndiyo yanailainisha.

4. Ikiwaka tu, angalia mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka kwenye mashine. Hautoki? Zima.

5. Haya, hapa ndipo mashine zinapoharibiwa, msiniulize nimejuaje. Watu wanadhani kuzoesha ni kwenda polepole masaa yote kumi, SIYO. Ringi za pistoni zinatakiwa zisuguane na silinda mpaka zikae sawa, na zinakaa kwa mzigo unaobadilika, ukitambaa siku nzima silinda inang'aa kama kioo na ringi hazishiki tena, mashine itakula oili na nguvu hupati. Ukifungua mafuta yote tangu mwanzo nayo inapata joto kupita kiasi na inaweza kunoki. Utaratibu wa kawaida wa fo-stroki ni huu: saa ya kwanza usipite mizunguko 2000 kwa dakika, au nusu ya mkono wa mafuta. Saa ya pili hadi 3000, au robo tatu. Masaa nane yanayobaki mwendo wowote ila mafuta yote yasizidi dakika tano mfululizo. Muda wote huo badilisha badilisha mwendo. Na usibebe mzigo wa kufa mtu wiki hiyo, tafadhali!

6. Ikifika masaa 20 mwaga oili ya injini (fo-stroki) na ya gia, weka mpya. Baada ya hapo kila masaa 100.

7. Ukitoka maji ya chumvi, isafishe kwa maji yasiyo na chumvi kila safari. KILA safari.

MASWALI

Chewa: Mkuu kesho nina safari ya masaa matatu, naweza kufungua yote si ni mpya?
— Hatua ya 5. Soma.

Chewa: Nimesoma ila hiyo yangu ni kubwa, ina nguvu.
— Ringi hazijui kama mashine ni kubwa. Mashine ni yako.

Mkia wa Taa: Yangu ni tu-stroki yenye tanki lake la oili, bado nichanganye kwenye petroli?
— Swali zuri sana. Nyingi za aina hiyo kipindi cha mwanzo zinataka vyote viwili, tanki lijae na petroli iwe na oili pia, kiasi kipo kwenye kitabu. Halafu weka alama kwenye tanki la oili uone kama linashuka, maana kabla hujaacha kuchanganya lazima uwe na uhakika pampu inavuta.

Pweza: Oili ya pikipiki ina ubaya gani, si zote 2T (za tu-stroki)?
— Ya pikipiki ni ya injini inayopozwa na hewa. Ya boti inapozwa na maji, oili hiyo inaiachia majivu kwenye plagi na pistoni.

Dau la Jioni: Naongezea wakuu, mkichomoa propela angalieni mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye shafti, unakata sili (mpira unaozuia maji).
— Umenikumbusha, asante. Sili ikikatika maji yanaingia kwenye gia, oili inatoka nyeupe nyeupe. Na shafti ipakeni grisi kabla ya kurudisha propela, la sivyo chumvi itaigandisha.

Mkia wa Taa: Oili ya gia inajazwa kwa juu?
— Hapana, chini. Fungua skrubu zote mbili, pampu oili kwa tundu la chini mpaka itoke la juu, funga la juu KWANZA ndipo uchomoe pampu na kufunga la chini. Ukijaza kwa juu hewa inabaki ndani. Na washa (pete) za skrubu weka mpya.