Kifutu Njiani, Nawe Uko Peke Yako Porini

Nyoka wengi wakihisi mtikisiko wa miguu huondoka. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hubaki palepale. Hutegemea rangi yake ya majani makavu, na jioni hulala juu ya njia iliyoshika joto la mchana. Ndiyo maana wengi huumwa chini ya goti: walimkanyaga bila kumwona. Vaa buti na suruali nene, washa tochi mara giza linapoingia, na ukikuta gogo lipande kwanza uone ng'ambo kabla ya kushusha mguu. Kuni okota mchana, ukizigeuza kwa fimbo.

Ukisikia pumzi yake nzito, simama. Mtafute kwa macho kabla ya kurudi nyuma, maana huenda yuko kisigino kilipo. Kisha jiondoe taratibu, mita mbili au zaidi, umzunguke kwa mbali. Usimtupie kitu wala usimsogelee kwa picha.

Akikuuma, mwache aende zake, wewe sogea pembeni ukae. Sumu yake huharibu nyama: maumivu makali, uvimbe unaopanda, malengelenge, pengine fizi kutoka damu. Kwa kawaida hatari hukua kwa saa kadhaa, kwa hiyo muda unao, ila hautoshi kuuchezea.

Vua pete, saa na bangili. Legeza kamba za kiatu. Usifunge mguu kwa kamba, usichanje, usinyonye, usibandike jiwe la nyoka. Kamba huzuia damu na kuizuilia sumu mahali pamoja, na hapo ndipo mguu hupotea. Hata bandeji ya kubana, ambayo hushauriwa kwa koboko, kwa kifutu haifai.

Tuma ujumbe mfupi, kwani hupita hata pale simu inapokatika: uko wapi, umeumwa saa ngapi, na nyoka gani. Chora kwa kalamu mwisho wa uvimbe, andika saa, rudia kila nusu saa. Daktari ataona kasi yake. Maumivu yatulize kwa parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mtu mzima. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziache, zinaongeza hatari ya kuvuja damu.

Msaada ukiweza kukufikia, tulia, mguu usitikisike. Kama hakuna ajuaye uliko, tembea: polepole, kwa fimbo, ukipumzika mara kwa mara, kuelekea njia ya pikipiki au mahali penye mtandao. Hali hii ndiyo mbaya kuliko zote, nayo huepukika kwa kumwachia mtu ramani ya njia yako na saa ya kurudi.

Kabla ya safari, piga simu hospitali za karibu uulize ipi ina dawa ya sumu ya nyoka. Usiibebe ujidunge mwenyewe: inaweza kuleta mzio wa kuua, unaohitaji adrenalini na mhudumu kando yako. Na hata usipovimba, nenda ukaangaliwe kwa saa 24.